Titi linauma: maswali ambayo wasichana wa Bukavu hutuuliza mara kwa mara

Mimi ni mkunga, nafanya kazi upande wa Kadutu, na maswali haya nayajua kwa sauti zake. Mengi huulizwa mlangoni, msichana ameshika kitasa tayari kutoka, baada ya kusema kilichomleta ni "kichwa kidogo tu". Kwanza tuelewane kuhusu neno. Hapa kwetu mtu husema "maziwa yangu yananiuma" na kila mmoja anaelewa. Lakini hapa chini nitazungumzia pia maziwa ya mtoto, kwa hiyo nitaandika titi na matiti tusije tukachanganyana.

Matiti yote mawili yananiuma kila mwezi kabla ya siku zangu. Nina ugonjwa?

Hapana, dada. Hayo ndiyo maumivu tunayoyaona kuliko yote. Kila mwezi, yai likishatoka, homoni hulitayarisha titi kana kwamba mimba inakuja: tezi zinavimba kidogo, maji yanajaa kati yake, titi linakuwa zito. Mimba isipoingia homoni zinashuka, damu inakuja, titi linalegea. Ndiyo maana maumivu huanza wiki moja au mbili kabla ya hedhi, kisha yanaisha damu inapoanza au siku chache baadaye. Mara nyingi huuma sehemu ya juu, upande wa kwapa, kwa sababu tezi nyingi zimekaa huko. Utayasikia zaidi ukilala kifudifudi, au ukishuka mteremko wa Kadutu mbio ukiikimbia mvua.

Hadi wanawake 7 kati ya 10 hupata maumivu ya titi wakati fulani wa maisha yao, na kwa wengi wao yanafuata mwezi namna hiyo. Upande mmoja ukiuma kuliko mwingine, bado ni kawaida.

Nitajuaje kama maumivu yangu yanafuata hedhi kweli?

Kwa kuandika. Maumivu ya leo hufuta siku nzuri za juzi, na karibu kila ninayemuuliza hunijibu "inauma kila siku".

Mwanafunzi mmoja wa sekondari aliniletea daftari la hesabu, lile la miraba. Kila mraba ulikuwa siku moja. Siku isiyouma aliuacha mtupu, siku ya kuuma kidogo alitia nukta moja, siku ya kukosa usingizi nukta tatu, na siku za damu alizipaka wino mwekundu. Miezi mitatu yote ilikaa kwenye ukurasa mmoja. Alikuwa ameingia akilia kwamba titi haliachi kuuma. Tukalifungua lile daftari mezani. Nukta zilikuwa zimejikusanya kama siafu kabla ya kila doa jekundu, na baada ya wekundu miraba ilikuwa mitupu, mitupu, mitupu. Aliitazama mwenyewe, akafunga daftari, akauliza kama anaweza kurudi shule kabla ya saa nne.

Miezi miwili inatosha. Programu za simu zipo, ila kwa umeme wetu huu daftari ni salama zaidi.

Je, maumivu ni dalili ya kansa?

Maumivu peke yake, ni mara chache sana. Msichana wa miaka 20 ambaye titi linamuuma, bila donge, bila ngozi kubadilika, bila damu kwenye chuchu, karibu kila mara hana kansa.

Kansa ya titi mara nyingi huanza na donge lisilouma, na hapo ndipo tunapojikwaa. Linalouma humleta mtu mbio. Lisilouma humkalisha nyumbani. Wasichana wanaonijia na hofu ya kufa na matiti mazima siwezi kuwahesabu. Namkumbuka pia mama mmoja wa miaka 38 aliyekaa na donge mwaka mzima kwa sababu, alivyosema, "halikuwa linanisumbua, nilikuwa na mambo ya watoto". Kama lingemuuma angekuja wiki ile ile.

Shirika la Afya Duniani linahesabu wanawake milioni 2.3 waliogunduliwa kansa ya titi duniani mwaka 2022, na 670,000 waliokufa nayo mwaka huo. Hatari hupanda na umri, na chini ya miaka 30 ugonjwa huu ni nadra. Lakini nadra si sawa na hakuna. Afrika wagonjwa wengi huwa na umri mdogo kuliko wa Ulaya, sababu moja ikiwa kwamba watu wetu wenyewe ni vijana, na wengi hufika hospitali ugonjwa umekwenda mbali. Kwa hiyo usikubali mtu akurudishe nyumbani na donge kwa maneno "wewe bado mtoto" kabla hajakugusa na kukutuma upimwe.

Nimegusa donge gumu kidogo, linateleza chini ya kidole. Ni nini hilo?

Kwa msichana wa miaka 15 hadi 30 na kitu, donge la mviringo lenye uso laini, linalokimbia ukiligusa, mara nyingi ni fibroadenoma. Ni nyama ya titi yenyewe iliyoota pamoja ikafanya kifundo. Si kansa. Ukitaka kujua linavyosikika, chukua haragwe lililolowekwa usiku kucha, liweke chini ya kitambaa cha kitenge, kisha jaribu kulibonyeza kwa kidole kimoja. Litakukimbia. Mengi huwa na sentimita 1 hadi 3, na kwa kawaida hayaumi, ingawa mengine hukaza kabla ya hedhi.

Nalijua vizuri kwa sababu ninalo. Nilikuwa na miaka 19, bado mwanafunzi, nilipoligusa upande wa kushoto nikioga. Sikumwambia mama. Nilikwenda kwenye farmasi moja, na kijana aliyekuwa kwenye kaunta, bila kuniuliza umri wala siku zangu, akaniuzia sindano za antibiotiki za siku tano. Nilichomwa zote tano. Donge lilibaki palepale. Nikaamini basi ni kansa na dawa imeshindwa, nikanyamaza miaka miwili. Siku nilipopigwa eko, ile picha ya ndani inayotumia mawimbi ya sauti, ilichukua dakika kumi hivi: sentimita 2, fibroadenoma, turudi tulitazame baada ya miezi sita. Halikukua. Nimezaa watoto watatu, na wote walinyonya titi hilo.

Donge kama langu huachwa, au huondolewa likikua haraka, likifika karibu sentimita 5, au likimnyima mtu amani. Ila huwezi kujua kwa kidole chako kwamba ni fibroadenoma. Hata mimi siwezi. Kila donge jipya lipimwe.

Linaumia upande mmoja, na nikibonyeza kando ya mfupa wa kifua naruka. Ni titi?

Huenda titi halihusiki. Chini ya titi kuna misuli, chini ya misuli kuna mbavu, na mbavu zimeshikwa kwenye mfupa wa kati wa kifua na gegedu. Gegedu hizo zikipata uvimbe huuma vikali, na ukibonyeza kwa ncha ya kidole unaipata sehemu yenyewe. Jaribu hivi: lala kwa ubavu ili titi lianguke upande, kisha bonyeza mbavu palipobaki wazi. Ikiuma papo hapo, maumivu ni ya ukuta wa kifua.

Hapa Bukavu sababu hazitafutwi mbali. Bidoni ya lita 20 ina kilo 20 za maji, na msichana anaipandisha mlimani mara mbili kabla ya shule. Kuna kutwanga sombe, majani ya muhogo. Kuna kufua mablanketi. Kuna wanaobeba mizigo kwa kamba kwenye paji la uso, ambao wakifika jioni kila kitu kuanzia shingo hadi mbavu kinawaka. Punguza mzigo kama unaweza (najua si wote wanaweza), gawa bidoni katika mbili za lita 10, badilisha mkono. Parasetamoli na kitambaa cha maji ya moto husaidia, na mara nyingi hupoa kwa wiki chache.

Kama maumivu ya kifua yanakuja na kukosa pumzi, kutoa jasho, homa au kukohoa damu, acha habari ya titi, nenda hospitali sasa hivi.

Naweka simu na pesa kwenye sidiria. Vinaleta kansa?

Hakuna ushahidi kwamba simu kwenye sidiria huleta kansa, wala manukato ya kwapani, wala sidiria yenyewe, hata nyeusi (swali hilo la sidiria nyeusi huniletea kila mwaka mtu mpya). Lakini simu ni kitu kigumu. Siku moja muuzaji wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, alinionyesha alama ya bluu chini ya titi la kulia, imekaa mraba kabisa kama muhuri. Nikamwomba atoe alivyobeba: simu, funguo mbili za kufuli, na franka zilizokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, vyote upande uleule, kutwa nzima, na mtoto mgongoni akivibana. Akashona kimfuko ndani ya kitenge, alama ikaisha.

Sidiria gani inafaa?

Inayokushika bila kukuachia mistari. Mkanda wa chini ndio unaobeba uzito, si kamba za mabegani. Upite sambamba mgongoni, na vidole viwili viingie chini yake. Ukinunua mitumba soko la Kadutu, angalia chuma cha chini kama kimetoboa kitambaa. Ukicheza mpira au kukimbia, vaa ile ya michezo inayobana. Wiki ya maumivu unaweza kulala na sidiria laini isiyo na chuma. Wengi huona nafuu kwa hilo.

Nimeanza sindano ya uzazi wa mpango, matiti yakaanza kuuma.

Hutokea, pia kwa vidonge na kwa vijiti vya mkononi, kwa sababu zote zina homoni. Kwa wengi hutulia ndani ya miezi mitatu. Usiache vidonge ghafla katikati ya pakiti bila njia nyingine; rudi ulikopewa, wakubadilishie. Maumivu haya hayana maana kwamba dawa "imekaa vibaya" au kwamba hutazaa tena.

Siku zangu zimechelewa na chuchu haziguswi.

Pima mimba. Titi kuuma na chuchu kuwashawasha ni kati ya dalili za kwanza kabisa, kabla ya kichefuchefu. Kipimo cha mkojo kinapatikana farmasi na kinaaminika tangu siku ambayo hedhi ilipaswa kuja. Kikisema hapana na damu bado haijaja, rudia baada ya wiki moja.

Binti yangu ana miaka 10, ana donge chini ya chuchu moja tu na linamuuma. Mama mkwe anasema likatwe.

Mama, tafadhali, lisikatwe! Hilo si donge, ni titi linachipua. Kwa wasichana huanza kati ya miaka 8 na 13, na mara nyingi upande mmoja hutangulia mwingine kwa miezi kadhaa. Huwa gumu kama kifungo cha shati na huuma likigongwa. Ukiliondoa chipukizi hilo umeondoa titi lote, na mtoto atakua hana. Mpe fulana laini na umwambie kinachotokea, maana kama wewe huna la kumwambia, wenzake shuleni watakuwa nalo. Likiota kabla ya miaka 8, ndipo umpeleke kwa daktari.

Wavulana pia. Wengi wao wakibalehe hupata kidonge chini ya chuchu kinachouma, huona haya, huacha kuoga mtoni na wenzao. Kwa kawaida huisha chenyewe kwa mwaka mmoja au miwili.

Chuchu inatoa maji. Niogope?

Inategemea yanavyotoka. Kama ni wewe unayebana, na yanatoka pande zote mbili, rangi ya maziwa au kijani hafifu, kwa kawaida si kitu; acha kubana, maana kila ukibana unayaita. Kama ni maziwa yanayojitokea na huna mimba wala hunyonyeshi, mwambie daktari dawa zote unazokunywa, kwa sababu baadhi ya dawa za kuzuia kutapika na za magonjwa ya akili huleta hilo. Na kama hedhi nayo imekoma, kichwa kinauma, macho yanaona ukungu, usikawie.

Ikitoka damu, au maji yasiyo na rangi kama ya mvua, yenyewe, kwenye tundu moja la titi moja, nenda wiki hiyohiyo. Vilevile chuchu ikiwa na ukurutu usiopona kwa mafuta wala marhamu.

Nina mtoto wa wiki tatu, titi limekuwa jiwe na nina homa.

Hapo mara nyingi ni maziwa yaliyojaa kupita kiasi, au uvimbe wa titi la kunyonyesha, ambao huja zaidi katika wiki sita za kwanza. Sehemu moja inakaza, inapata joto, mwili unatetemeka kama malaria. Kwa ngozi yetu wekundu hauonekani vizuri. Tazama ngozi inayong'aa na kuvutika, na ulinganishe joto la pande mbili kwa mgongo wa mkono. Na usimeze dawa ya malaria kwa kubahatisha kabla hujavua blauzi ukaangalia.

Endelea kunyonyesha, hata upande huo. Maziwa hayajaoza na mtoto hatadhurika. Mnyonyeshe kama kawaida. Usikamue zaidi ya anachohitaji, maana titi likizidi kumwagwa linazidi kutengeneza. Na hapa nitagombana na mabibi: ule mkando wa nguvu, maji ya moto kabisa na viganja viwili vikisukuma kama unga wa mandazi, unaumiza nyama na kuzidisha uvimbe. Kitambaa cha maji baridi baada ya kunyonyesha, mguso mwepesi kuelekea kwapa, na parasetamoli, vinatosha kuanza navyo. Mkunga atazame pia namna mtoto anavyoshika chuchu, maana chuchu iliyopasuka ni mlango wa vijidudu.

Ikipita siku moja bila nafuu, au homa ikiwa kali tangu mwanzo, utahitaji antibiotiki, ile atakayoandika muganga wa hospitali, na umalize siku zote. Kikibaki kitu kinachobonyea kama tunda bivu, hilo ni jipu. Jipu hutolewa usaha hospitalini, kwa sindano au kwa kupasuliwa, wala si kwa wembe wa nyumbani. Mama anayeishi na VVU aende mapema zaidi, aendelee na dawa zake, na aulize atumie titi lipi wakati linapona.

Na jipu linalorudi kila mara, au kidonda cha titi kisichofunga kwa wiki na wiki, kwa mama anayenyonyesha au asiyenyonyesha, lichunguzwe pia kifua kikuu. Kongo ni kati ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo duniani, na titi nalo hushikwa.

Ninywe dawa gani?

Maumivu ya mwezi hayahitaji antibiotiki. Hayahitaji sindano. Parasetamoli ya miligramu 500, kimoja au viwili, usivuke vinane kwa siku, inatosha kwa wengi. Ibuprofeni husaidia pia, baada ya kula. Usiinywe kama una vidonda vya tumbo au mimba. Jeli ya diklofenaki ya kupaka mahali panapouma inafanya kazi vizuri kuliko watu wanavyodhani, ila nayo mjamzito asiitumie bila kuuliza. Kuhusu kuacha kahawa: ushahidi ni dhaifu, lakini jaribu mwezi mmoja kama unataka, hakuna hasara.

Bibi anasema ni karuho, yaani nimelishwa sumu, au mtu amenitupia kitu.

Simcheki bibi, yeye anakutafutia sababu kwa sababu anakupenda. Mwende kwenye sala mkitaka. Lakini tafadhali msichanje titi, msipake majivu ya betri wala majani yanayochoma. Nimefunga vidonda vya chale za namna hiyo. Vikishapona, kovu lake huwa gumu, na daktari akija kupapasa inakuwa vigumu kutofautisha kovu na donge. Mpelekee bibi jibu la eko kwenye karatasi. Mabibi wengi ninaowajua huheshimu karatasi.

Nilipigwa kwenye titi. Pigo huleta kansa?

Halileti kansa. Linaweza kuacha damu iliyoganda au mafuta yaliyokufa ndani, yakasikika kama donge gumu kwa wiki kadhaa, na hilo pia lipimwe. Kama aliyekupiga ni mtu wa nyumbani, mwambie muuguzi, hatutakulazimisha kitu. Kama ulilazimishwa tendo la ndoa, njoo kabla ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia VVU lazima zianzwe ndani ya muda huo, na ukija mapema zaidi ni bora zaidi. Hata ukichelewa, njoo.

Mama yangu alikufa kwa kansa ya titi. Mimi je?

Mwambie daktari hilo kabla ya mengine yote: nani aliugua, akiwa na umri gani, na kama kuna kansa ya ovari katika ukoo. Ndugu wa upande wa baba wahesabiwe pia, maana watu husahau kwamba baba naye hurithisha. Mtu mmoja aliyeugua uzeeni hapandishi hatari yako sana. Mama au dada aliyeugua kabla ya miaka 50, au watatu katika ukoo mmoja, ni habari nyingine, na utafuatiliwa mapema zaidi.

Nijipapase kila mwezi?

Si lazima uwe na ratiba kama ya kanisani. Lijue titi lako tu, ili siku likibadilika ugundue. Wakati mzuri ni siku chache baada ya damu kukoma, ukioga, mkono una sabuni. Tumia nyama za vidole vitatu, usitumie ncha, zungusha hadi kwapani. Titi la msichana kwa asili lina kambakamba na vipunje kama mchele mbichi ndani ya mfuko. Linganisha na upande wa pili: kikiwa sawa pande zote mbili, mara nyingi ndivyo ulivyoumbwa. Na titi moja kuwa kubwa kuliko jingine ni kawaida, isipokuwa tofauti hiyo imekuja juzi.

Lini nisingoje?

Siku hiyohiyo: titi lenye joto na homa, usaha, au maumivu makali yanayozidi kwa saa.

Wiki hiyo: donge gumu lisilosogea, donge la kwapani, ngozi iliyobonyea au yenye vitundu kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani na zamani haikuwa hivyo, damu kwenye chuchu, titi lililovimba lote ghafla na antibiotiki hazijasaidia. Haya yote hata kama hayaumi. Narudia, hata kama hayaumi.

Donge dogo linaloteleza, lililotokea karibu na hedhi, unaweza kulingojea hedhi moja ipite. Likibaki, njoo. Na maumivu ya sehemu moja ileile, yasiyojali tarehe, yaliyopita wiki tatu au nne, njoo nayo.

Hapa Bukavu niende wapi, na watanifanya nini?

Anza na kituo cha afya cha mtaa wako. Muuguzi atakuuliza, atakupapasa, na akiona haja atakuandikia karatasi ya kukutuma hospitali ya rufaa. Kuna Hospitali Kuu ya Rufaa ya Mkoa, inayofanya kazi pamoja na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu, na kuna Panzi, katika Ibanda, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Docta Denis Mukwege. Inajulikana kwa kutibu waliobakwa, kwa hiyo wasichana wengine huona haya kwenda Panzi wakidhani majirani watasema nao walibakwa. Panzi ni hospitali ya wote. Watu huzalia huko na kutibiwa malaria huko.

Kwa umri wako kipimo cha kwanza ni eko. Haichomi, haina mionzi: jeli baridi na kifaa kinachoteleza juu ya ngozi. Mamografia, yaani picha ya titi kwa eksirei, haifai sana kwa msichana, kwa sababu titi changa limeshikamana na kwenye picha hutoka jeupe lote, donge nalo jeupe. Eko ikiacha shaka, watachukua kipande kidogo cha nyama kwa sindano na kukituma maabara. Kuchomwa huko hakusambazi kansa, ingawa sokoni watakuambia hivyo.

Uliza bei ya kila kitu kabla hakijafanyika, na kama mko kwenye mutuele, ile bima ya afya ya kuchangiana, beba kadi. Jibu la eko ni lako, ombeni nakala, uliweke mahali pakavu. Ukirudi baada ya miezi sita ndilo litakalotuambia kama donge limekua.

Naogopa kuvua mbele ya mwanaume.

Sema unataka mwanamke, au mwanamke awepo chumbani. Unaweza pia kuja na yaya wako, dada yako mkubwa, au rafiki. Vaa nguo ya vipande viwili, ili uvue ya juu tu na kitenge kibaki kiunoni. Sisi huanza na upande usiouma.